Jinsi ya kujitengenezea wavu wa mbu kwa madirisha ya boti ndogo ya tanga

Kama unalala kwenye boti ya tanga iliyotia nanga kwenye kriki, iwe Kilifi, Mtwapa, Mida ama kule Tanga karibu na mikoko, hii shida unaijua tayari. Mchana upepo unavuma safi, jua likizama unakata, sasa ukifungua madirisha mbu wanaingia, ukiyafunga unaoga jasho mpaka asubuhi. Nyavu za kiwandani zipo, ila kila moja imetengenezwa kwa aina yake ya dirisha, kuagiza ni ghali, na boti nyingi za zamani dirisha lake halitengenezwi tena. Kujitengenezea ni kazi ya jioni moja hivi na vifaa vyote viko hadiwea na kwenye maduka ya vitu vya cherehani.

Kuna watu wanasema baharini hakuna malaria, hiyo si kweli. Kuna mbu wa malaria anaitwa Anopheles merus anayezaliana kwenye maji ya chumvichumvi ya huku huku pwani. Na mbu wa dengue, Aedes aegypti, anauma mchana, kwa hivyo wavu usifikirie ni wa usiku peke yake.

Tuanze na kitambaa. Wavu wa dirisha la nyumba unaouzwa kwa mita, ule wa faibaglasi, mara nyingi una nyuzi 18 kwa 16 kwa kila inchi na mbu hapiti. Lakini usubi wa mikokoni ni mdogo sana, anapita hapo bila shida na anauma vibaya kuliko mbu, kwa hivyo kama unalala karibu na mikoko tafuta kitambaa cha matundu madogo zaidi, ya kama nusu milimita hivi. Ubaya wake ni kwamba matundu yakiwa madogo upepo nao unapungua, ndio maana mimi naona afadhali kuwa na seti mbili, ya matundu ya kawaida kwa sehemu zenye upepo na ile ya usubi kwa kriki. Chukua rangi nyeusi ukipata, manake nyeupe ikipigwa na jua huoni nje vizuri. Chandarua kilichochakaa pia kinafaa kwa mbu, ila kizima waachie watu wakilalie. Wavu wa waya achana nao, wa chuma utaota kutu na kuchafua boti, na wa alumini ukigusana na fremu ya shaba na hii chumvi yetu utaliwa upesi.

Kupima usitumie futi peke yake, chukua kabodi ikandamize kwenye fremu mpaka alama ya ukingo itokee, kata, jaribisha, punguza mpaka ikae sawa. Fanya hivyo kwa kila dirisha na uandike kwenye kabodi "kushoto mbele", "kulia choo" na kadhalika, sababu madirisha yanayofanana kwa macho saa zingine yanatofautiana kidogo, na hicho kidogo ndicho mbu anachotafuta. Kwa kweli mbu haingii katikati ya wavu, anaingia pembeni, kwa hivyo kazi yote hapa ni ukingo.

Dirisha la duara ndilo rahisi zaidi. Tafuta mpira mwembamba, ule wa levo ambao mafundi wa ujenzi wanajaza maji unafaa sana, utengeneze ringi inayoingia kwa kubana ndani ya tundu la dirisha. Hesabu yake: chukua kipenyo cha tundu, toa unene wa mpira, zidisha kwa 3.14. Tundu la sentimita 20 na mpira wenye unene wa sentimita 1 inakuwa 19 mara 3.14, yaani karibu sentimita 60. Kata ukizidisha nusu sentimita, kuupunguza baadaye ni rahisi. Unganisha ncha mbili kwa kijiti kinachoingia kwa kubana ndani ya mpira. Halafu kata wavu uwe mkubwa kuliko ringi kwa sentimita 3 kila upande, utandaze juu ya ringi, kunja ukingo uzunguke mpira na ushone kwa mkono kwa nyuma. Usiuvute sana, ukivuta ringi inapinda na hapo ushaacha nafasi. Uzi uwe wa poliesta, wa pamba unaoza na wa nailoni jua linaumaliza haraka zaidi. Shonea na kikamba kifupi cha kuvutia, la sivyo utakuwa unaung'oa kwa bisibisi na kutoboa wavu.

Dirisha la mstatili lenye kona za mviringo ringi haikai vizuri, hapo tumia velkro, ule utepe wa pande mbili zinazonatana, moja laini na nyingine ya kukwaruza. Kata wavu kufuata kabodi na uzidishe sentimita 2, zungushia utepe wa kitambaa ukingoni ili usichanike, kisha shona velkro laini juu ya utepe. Ile ya kukwaruza ibandike kwenye boti, manake ikiwa kwenye wavu, siku ukiukunja utajishika wenyewe na kuharibika. Kabla ya kubandika futa vizuri kwa spiriti, usiguse tena kwa vidole, kandamiza, na uiache usiku mzima kabla ya kuvuta chochote. Gundi ya nyuma ya velkro haipendi joto la kebini, kwa hivyo kwenye kona ongeza tone la gundi ya kontakti. Ukiwa huna cherehani mpelekee fundi nguo na kabodi zako, kwake ni kazi ndogo.

Na kama fremu ina ukingo unaotokeza, usihangaike kabisa, shona kama kofia ya kuogea: duara la wavu, mfereji pembeni, lastiki ndani, unavalisha tu.

Sumaku watu wanazipenda lakini fremu za shaba na alumini hazishiki sumaku, hata stenlesi nyingi za boti hazishiki, kwa hivyo itabidi ubandike vipande vya chuma na vitaota kutu. Zaidi ya hapo, sumaku karibu na dira inaipoteza dira, na kwa boti ndogo kila kitu kiko karibu na dira.

Kitu ambacho usikubali ni wavu unaozuia dirisha kufungwa. Angalia kioo kinafungukia wapi, hakikisha wavu haukai juu ya ule mpira wa kuzuia maji, na uweze kuutoa kwa mkono mmoja gizani mvua ikianza. Mkianza safari nyavu zote zitoke na madirisha yafungwe kwa vifungo vyake, wimbi moja likipiga ubavuni linaingiza maji mengi kupitia tundu dogo.

Kujaribu, subiri giza, washa taa ndani, toka nje uangalie pembeni mwa kila wavu. Mahali mwanga unapotoka wazi bila kupita kwenye wavu ndipo mbu atapita, ongeza mshono ama kipande cha sponji hapo.

Kuosha ni maji matamu na sabuni kidogo, chumvi ikibaki inavuta unyevu na kuziba matundu. Kama umetumia chandarua chenye dawa usikifulie baharini, dawa hizo zinaua samaki, fulia nchi kavu mbali na maji.

Ukimaliza madirisha bado mlango wa kebini, na hapo ndipo mbu wengi wanaingia. Kata chandarua kipana kuliko mlango kwa sentimita 20 kila upande, ning'iniza kwa juu na kwenye pindo la chini pitisha chubwi ndogo za mshipi zilizopangwa karibu karibu ili upepo usikiinue. Ukipita kinarudi chenyewe.