Jinsi ya kuandika kitabu cha ukoo, hasa kama kwenu ni Dodoma

Anza na wazee, makaratasi yatafuata. Kama bibi yupo mfate sasa hivi, washa rekoda ya simu, mwache apige stori hata akizunguka, usimkatize.

Ishu ya ubini ndo inachanganya wengi. Huku watu wengi wanatumia jina la babu kama jina la mwisho, kwahiyo ndugu wa damu moja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, na wawili wenye jina moja pale Mvumi wala sio ndugu. Kila mtu muandike na ukoo wake, kijiji na jina la mama yake, akina mama wanasahaulika sana kwenye hivi vitabu na inauma kwakweli.

Mzee hajui mwaka wa kuzaliwa? Usimbane. Muulize baba yake alizaliwa kabla au baada ya Mtunya, ile njaa kali ya 1917 hadi 1920, yeye mwenyewe je, alikuwa anachunga ndama kipindi cha mradi wa karanga Kongwa (1947 hadi 1951) au alikuwa hajazaliwa, na watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 70 alishaoa? Unapata makadirio, andika "kama 1944" basi.

Familia za Kikristo ziulizie daftari za ubatizo kanisani, omba kwa adabu. Ukimaliza chapa nakala chache steshenari, na acha kurasa tupu nyuma kwa watakaozaliwa.