Somo: Kufunga krauni na pinioni mpya kwenye difu ya Hilux ya inchi 8

Wengi wetu huku Kisumu tumeweka tairi za inchi 33, kisha tunalalamika gari limekuwa zito kupanda kutoka Mamboleo kwenda Kiboswa. Ni hesabu tu. Ukitoka tairi ya inchi 29, gari la rasio ya 4.10 (pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, huzunguka mara 4.10 ili krauni, gia kubwa inayozungusha magurudumu, izunguke mara moja) linataka kama 4.67 ili nguvu irudi ilivyokuwa. Za kununulika ni 4.56, inayomfaa mtu wa lami, na 4.88 kwa anayeshinda kwenye matope ya Kano na barabara za miwa. Kununua si kazi. Kazi ni kupanga meno, na hapo ndipo difu nyingi huharibiwa.

Kufungua. Mwaga oili uitazame kwanza. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia, na kwa kawaida njia yake ni kipumulio (tundu la difu la kupitishia hewa) kilichozibwa na matope. Kizibue, ukiunge bomba la mpira na kulipandisha juu, la sivyo meno mapya yatazama kwenye mafuriko ya Nyando kama ya zamani. Toa hafu shafti na propela, difu itoke nzima. Kabla ya kufungua vifuniko vya beringi za pembeni vipige alama, cha kushoto na cha kulia. Havibadilishani.

Krauni. Safisha mahali inapokaa hadi pasibaki hata punje ya kutu. Ichemshe kwenye maji, ikaushe, iingize ikiwa bado moto. Itateleza yenyewe bila nyundo. Bolti ziwe safi na zenye gundi ya kuzuia nyuzi za bolti zisilegee, uzikaze kwa kukingamisha hadi 97 Nm.

Pinioni. Hapa usiwe na haraka. Kati ya kichwa cha pinioni na beringi ya ndani kuna shimu (pete nyembamba ya chuma), nayo ndiyo inayoamua pinioni isogee kiasi gani kuelekea krauni. Anza na shimu iliyotoka kwenye difu, lakini usiiamini. Chukua beringi ya zamani, uisage tundu la ndani hadi iingie na kutoka kwa mkono. Ndiyo ya kujaribia, usije ukaua beringi mpya kwa kuipiga presi kila ukibadilisha shimu. Majaribio yote yafanye bila spesa ya kubonyea (bomba fupi la chuma kati ya beringi mbili za pinioni, linalobonyea nati ikikazwa), ukikaza nati polepole mpaka mchezo uishe tu.

Mwanya. Mwanya ni nafasi ndogo kati ya meno ya krauni na ya pinioni. Rudisha krauni, weka geji ya mshale kwenye jino, shika pinioni isizunguke, tikisa krauni. Unatafuta milimita 0.13 hadi 0.18, upime sehemu tatu au nne za duara. Kurekebisha, legeza ringi ya kurekebishia beringi ya pembeni ya upande mmoja tundu moja na ukaze ya pili tundu hilo hilo, ili mkazo wa beringi usibadilike.

Alama za meno. Paka rangi ya kukagulia meno matatu manne, zungusha mbele na nyuma huku msaidizi akiibana krauni kwa kitambaa iwe nzito. Alama ikae katikati ya kimo cha jino. Ikizama kwenye shina, pinioni imesogea mno, weka shimu nyembamba zaidi. Ikipanda kwenye kilele, weka nene zaidi. Kila ukigusa shimu, mwanya upange upya. Geji ikisema sawa na alama ikakataa, mimi nafuata alama.

Kufunga mwisho. Beringi mpya, spesa mpya, sili mpya. Kabla ya kurudisha krauni, pima uzito wa kuzungusha pinioni: 1.9 hadi 2.5 Nm kwa beringi mpya. Huna kifaa? Zungushia flanji (kichwa cha pinioni kinachofungwa propela) kamba, uivute kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Flanji yenye nusu kipenyo ya sentimita 5 isome kilo 4 hadi 5 ikiwa inazunguka, si inapoanza. Ukipitiliza usilegeze nati. Spesa imeshabonyea, tafuta nyingine.

Oili ni GL-5, daraja la oili ya gia za difu. Endesha taratibu dakika 20, acha ipoe kabisa, na usivute trela hadi kilomita 800, kisha mwaga oili hiyo.

Maswali ya wanachama

*Ahero:* Fundi, naweza kufunga ya nyuma sasa, ya mbele mwisho wa mwezi mshahara ukiingia?

Unaweza, ila mkono wa fo-wili usiuguse kabisa. Rasio mbili tofauti zikishikana, gari litajivuta lenyewe kwa lenyewe hadi kitu kivunjike.

*Nakuru:* Mkuu, nimepata krauni ya mtumba nzuri sana. Pinioni nitumie yangu?

Hapana, ndugu. Zilisagwa pamoja, huuzwa pamoja. Bila pinioni yake, hiyo ni chuma chakavu.

*Kakamega:* Yangu hainung'uniki nikikanyaga mafuta, ila nikiachia kwenye mteremko inalia.

Huo ni upande wa pili wa jino. Kama ilianza baada ya kufungwa, kagua alama upande huo. Kama ilianza yenyewe, shika flanji ya pinioni uitikise: ikicheza, beringi zimelegea, na usingoje wikendi.