Futa Mate Kwanza, Ndipo Uwashe Tochi

Hapa Makorora, Tanga, kina mama hunionyesha picha za meno ya watoto walizopiga kwa flashi ya simu. Meno yanang'aa, basi wanaamini ni mazima. Mimi ni tabibu wa meno, na naomba sana: kausha jino kabla hujalimulika.

Jino haliozi kwa kutoboka siku moja. Asidi inayotokana na sukari huchota madini kwenye enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, ikaacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Mate yakivijaza, jino linafanana na zima. Yakikauka, hewa inaingia, mwanga unatawanyika, na doa linatokea jeupe kama chokaa.

Mpige mtoto mswaki, kisha mlaze kichwa mapajani pako karibu na mlango. Nyanyua mdomo wa juu, futa meno kwa shashi, hesabu hadi tano. Tazama pale jino linapopakana na ufizi.

Juzi bibi mmoja alimleta mjukuu wa miaka miwili. Nilipofuta, ukajitokeza mstari mweupe mwembamba juu ya meno manne ya mbele.
"Si maziwa hayo, mwanangu?"
"Hapana bibi, maziwa yangefutika."

Usichokonoe doa kwa kitu chenye ncha. Ngozi yake ya juu bado nzima, ukiivunja umefungua tundu. Mtoto aliyekulia Arusha anaweza kuwa na weupe unaotokana na floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya huko. Huo mara nyingi hutapakaa kwenye meno ya pande zote mbili, haufuati ufizi.

Kuchunguza katikati ya meno ya mbele, funga pazia, weka tochi ndogo ya kalamu nyuma ya meno, utazame kwa mbele. Jino zima hupitisha mwanga. Palipooza panaweka kivuli. Magego tuachie sisi. Zipo kamera za mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780 au 850, unaopenya enameli vizuri bila eksirei. Pasipo nazo, tunapiga eksirei.

Yule mtoto nilimpaka floraidi. Bibi akakubali kuacha chupa ya chai ya maziwa yenye sukari wakati wa kulala, na kupiga mswaki mara mbili kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele. Baada ya miezi mitatu tutafuta tena na kuhesabu hadi tano. Doa likiwa limeanza kung'aa na kuteleza, limetulia. Likibaki kama chokaa, linaendelea.