Asasi yako inataka kufanya kazi na ILO? Pitia hapa kwanza

Wengi hapa Dar wakisikia ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, wanakimbilia kuandika proposo, tulia kwanza. Hili shirika lipo tangu 1919, likaingia UN 1946, na ndani yake wamekaa watatu, serikali, waajiri na wafanyakazi, sasa ukiwaruka hao hufiki mbali. Kwa hiyo kama asasi yenu ni ya hapahapa bongo, pigeni hodi TUCTA (shirikisho la vyama vya wafanyakazi) au ATE (chama cha waajiri), ndo wenye kiti, halafu ndo muende ofisi ya ILO ya Dar.

Kama ni ya kimataifa kweli, yaani mna wanachama nchi kadhaa, kuna Orodha Maalumu ya ILO ya asasi za kimataifa, ilianza 1956. Mnamwandikia Mkurugenzi Mkuu Geneva, mnaambatanisha katiba, majina ya viongozi, ripoti ya mwaka na hela mnatoa wapi (hapo kwenye hela ndo watu hubabaika). Mkikubaliwa msidhani mtapiga kura kwenye mkutano mkuu wa ILO wa kila mwaka, ule wa Juni, kura ni za wale watatu tu, na hata kuingia mkutanoni mnaomba kila mwaka mkitaja ajenda inayowahusu. Ombi liende mapema kabla ya kikao cha Baraza la Utawala cha Machi, mkichelewa hapo imekula kwenu.