Samaki wa Ujerumani ana mwenyewe

Nimekulia Nguba, Bukavu, Kongo, kando ya Ziwa Kivu. Usiku tulikuwa tunalala tukisikia wavuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa, wakiimba katikati ya ziwa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, taa zinawaka. Leo naandika programu karibu na München, na mwaka wa kwanza macho yaliniuma kwa kukodolea kioo hadi nikatafuta maji ya kutazama. Nikanunua fimbo ya kuvulia na ndoana. Dukani hakuna aliyeniuliza karatasi, nami nikadhani basi mambo yamekwisha.

Baba mdogo alikuwa ameniambia kwa simu: "Samaki hana mwenyewe, ziwa ni la Mungu." Baba mdogo, nakuheshimu, lakini hiyo ni habari ya Kivu. Kwetu mwenye mitumbwi analipia karatasi zake, ila kijana mwenye ndoana moja hakuna anayemsumbua. Huku haki ya kuvua katika kila ziwa ina mwenyewe, na kuvua bila ruhusa ni kosa la jinai. Sheria inataja faini au kifungo kisichozidi miaka miwili. Ndiyo, kwa samaki.

Walinikuta Jumapili asubuhi, ndoo yangu ina samaki wawili wadogo kama kiganja. Polisi alikuwa mpole kabisa, na upole wake ndio ulionimaliza. Nikamwambia kwa furaha kwamba naipenda sehemu ile, nakuja kila wiki. Akaandika. Ukishikwa, taja jina lako, tarehe ya kuzaliwa na anwani, halafu nyamaza, hulazimiki kujieleza. Na usithubutu kutoa matabishi, yaani hongo, utageuza kosa dogo kuwa kubwa.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni sanduku la barua. Bukavu nani anasubiri barua mlangoni? Mtu akikutaka anapiga simu, au anamtuma mtoto. Mimi sanduku nilikuwa nalifungua nikikumbuka, natoa matangazo ya pizza, nalifunga. Siku moja nikakuta bahasha ya manjano, juu yake tarehe imeandikwa kwa kalamu. Ilikuwa ya siku kumi na tisa nyuma.

Bahasha ya manjano, ndugu zangu. Hukumu ya karatasi, Strafbefehl, inakuja hivyo, bila wewe kusimama mbele ya hakimu. Tarehe ile aliyoiandika mleta barua ndiyo inayohesabiwa, hata kama hukufungua. Una wiki mbili za kupinga. Upinzani wenyewe, Einspruch, ni mistari miwili ya Kijerumani: namba ya kesi, "napinga", sahihi yako. Iwe barua ya karatasi, maana imeili ya kawaida haitoshi. Wiki mbili zikipita, hukumu imesimama kama ya mahakama. Mwanasheria niliyemwona baadaye alitikisa kichwa: ningepinga, pengine kesi ingefungwa kwa malipo madogo, bila hukumu.

Nilipewa faini ya siku ishirini. Siku moja ni sehemu ya thelathini ya mshahara wa mwezi unaobaki mkononi, kwa hiyo mhandisi analipa kuliko mfagiaji kwa samaki walewale wawili. Hapo sikulalamika, ni haki. Narudia tu: bahasha ya manjano ifungue siku hiyohiyo, hata kabla ya kuvua viatu. Ukisafiri, mwachie jirani ufunguo wa sanduku.

Kuvua kwa halali si kazi ngumu. Hapa Bavaria unasoma kozi ya saa 30, unafanya mtihani wa maswali 60, unapata angalau 45, unachukua Fischereischein, yaani leseni ya uvuvi, halafu unanunua kibali cha ziwa lenyewe. Karatasi ni mbili, si moja! Wengi wanashikwa kwenye ile ya pili. Majimbo yanatofautiana, uliza la kwako.

Wajerumani hata furaha wanaifanyia mtihani. Kazini walipokuwa wananiuliza hobi yangu nilidhani ni salamu, kumbe ni swali kama la ukoo. Huyu yuko katika chama cha kupanda milima, yule chama cha nyuki, na kila chama kina mhazini na kumbukumbu za mikutano. Nilicheka, mpaka kwenye kozi mzee mmoja aliponionyesha namna ya kumpiga samaki kichwani azimie kabla ya kumuua, ndivyo sheria inavyotaka. Nilikumbuka sambaza wa kwetu wakirukaruka ndani ya mtumbwi, nikanyamaza.

Na wewe mdogo wangu unayekuja mwezi ujao, ule wavu uliousokota kwenye sanduku la nguo uutoe. Uniletee sambaza wakavu.

Juzi nilishika trauti mmoja, kibali mfukoni. Nikamtumia mama picha. Akajibu: "Mmoja? Sasa mnakula nini huko?"