Kuchora kanga kwa kompyuta: pindo, mji, jina

Wadau, wengi wakikaa kuchora kanga kwenye kompyuta wanachora korosho (lile umbo la tone lililopinda mkia) moja moja kuzunguka pindo lote mpaka mkono unakufa ganzi. Kazi ya kurudia iachie mashine, wewe hangaika na kipande kimoja tu kikae poa. Tunatumia Inkscape, programu ya kuchorea, ni ya bure na hata laptopu ya mtumba ya Kariakoo inaibeba.

Hatua ya 1. Fungua ukurasa wa sm 150 kwa 110, halafu piga hesabu ya pindo kabla hujachora chochote. Ukichukua kipande cha sm 15, upande mrefu vinaingia 10 freshi ila upande mfupi vinaingia 7 na kiporo kinabaki, kona inakatika vibaya na mama yeyote anayeuza kanga Mtaa wa Uhuru ataiona kabla hujafungua mdomo. Chukua sm 10, utapata 15 na 11.

Hatua ya 2. Chora boksi la sm 10 kwa 10 na ulitoe mstari wa pembeni (stroke), maana programu inauhesabu kwenye upana, kipande kinavimba kidogo kidogo na mwisho pindo linatoka nje. Weka korosho ndani, unganisha kwa Ctrl+G.

Hatua ya 3, hapa ndo utamu. Nenda Edit, Clone, Create Tiled Clones, weka Rows 1, Columns 13. Kwa nini 13 na sio 15? Kona zote nne zipe ua lake, korosho ina kichwa na mkia, kwenye kona haikai. Za pembeni bonyeza Alt+D, geuza kwa Ctrl+], rudia 9 kila upande. Sasa ingia kwenye korosho mama, ile ya kwanza uliyochora, ubadili rangi, zote zinafuata! Ila usiifute hiyo mama.

Hatua ya 4. Mji, yaani eneo la katikati ndani ya pindo, chora robo tu, kopi, pindua kwa H na V.

Hatua ya 5. Jina, yaani yale maneno ya kanga, ni herufi kubwa, ndani ya boksi chini ya mji. Ukimaliza bonyeza Ctrl+Shift+C herufi zigeuke mchoro, la sivyo kwa mchapaji fonti inabadilika.

Hatua ya 6. Rangi tatu nne zinatosha kabisa, kila rangi leya yake, sababu kwenye uchapaji wa skrini (screen printing) kila rangi inachapwa peke yake. Faili la SVG tuma WhatsApp kama dokumenti, ukituma picha inabanwa na korosho zinafika zina ukungu.