Kinanda cha kwaya: anza na mkono wa kushoto

Wanafunzi wangu wa kinanda hukimbilia kucheza wimbo kwa mkono wa kulia. Mimi nawaanzisha na wa kushoto, maana ndiko besi, sauti nzito ya chini, iliko, na kwaya bila besi huyumba. Do ikiwa noti ya C, kidole kidogo kikae hapo, fa ipigwe kwa kidole cha shahada, so kwa gumba. Rudia polepole hadi usihitaji kutazama vidole.

Ndipo ulete kulia. Mikono ikigombana, chukua kipande kifupi tu, uhesabu mapigo kwa sauti.

Kwenye nyimbo za sauti nne, kulia hubeba soprano na alto (sauti za kike), kushoto hubeba teno (sauti ya juu ya kiume) na besi. Teno ikiwa mbali na besi, iachie gumba la kulia.